Mkebe wa Dirishani

Daftari la Ramani lilianza na pishi la pili la bia. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mtupu, mweupe pe, na kwa mtu aliyechora ramani za viwanja kwa miaka thelathini na mmoja, ukurasa mtupu ni aibu ndogo inayowasha kama mwiba wa kidoleni. Kuanzia ukurasa wa pili mambo yalinyooka: tarehe, aina ya kimea na uzito wake, lita za maji, hopsi kiasi gani na zimechemka dakika ngapi, hamira ipi, joto la chumba asubuhi na jioni. Mwisho wa kila ukurasa palikuwa na mstari mmoja wa hukumu. Hukumu hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya Sista.

Jina la Ramani alipewa na majirani, kwa sababu ukimuuliza njia ya kwenda posta alitoa kalamu na kukuchorea. Sista naye aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa muuguzi, na katika jengo lile la ghorofa nne hakuna aliyemwita vingine, hata fundi bomba. Ramani na mkewe, mshonaji, walikaa ghorofa ya pili. Sista alikaa juu yao kabisa, ngazi kumi na nane. Ramani aliijua idadi ya ngazi hizo kama watu wengine wanavyoujua umri wa watoto wao, maana kuna wakati kila moja ilikuwa mlima.

Mwaka mmoja kabla ya daftari hilo aliamka asubuhi akakuta mkono wake wa kushoto umelala kitandani kama kitu cha mtu mwingine aliyekisahau pale. Mguu nao ulikuwa hivyohivyo. Hospitali ilimlaza, ikamtibu, kisha ikamrudisha nyumbani na karatasi yenye michoro ya mazoezi. Ramani aliitazama michoro ile, akasema imechorwa vibaya, akaigeuza kifudifudi.

Sista ndiye aliyeigeuza tena. Hakuitwa. Alishuka jioni moja kutoka kazini, sare yake bado mwilini, akaketi, akanywa chai, akasema, "Haya kaka, simama."

"Nimechoka."

"Mimi ndiye niliyesimama saa kumi na mbili wodini. Wewe umechoka na nini, na mto? Simama."

Kwa miezi minane alishuka kila jioni aliyokuwa na nafasi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, lakini mzigo huu ulikuwa na kilo themanini na mbili na ulimi mkali, na Sista aliupandisha ngazi moja baada ya nyingine akiwa ameushika kwapani. Malipo yake yalikuwa chai ya mshonaji tu. Akiambiwa asante alijibu, "Panda. Ngazi hazitakushukia."

Mguu ulitii mapema. Mkono ulikaidi. Sista alileta mpira mdogo wa kufinyafinya, Ramani akaufinya siku mbili, ya tatu akautupa chini ya kabati. "Mimi si mtoto mchanga."

"Basi mkono utafutie kazi ya mtu mzima," Sista alisema. "Kitu chenye kukoroga. Chenye kufinya. Chenye kumimina bila kumwaga."

Mkwe wao, mume wa binti yao wa pekee, ndiye aliyeleta jawabu, na alilileta kwa sababu ya kutaka kupunguza vitu nyumbani kwake. Aliwahi kushikwa na wazimu wa kupika bia mwenyewe. Alinunua ndoo kubwa ya mfuniko, mpira wa kuhamishia bia chupani, chombo cha kugongea vizibo na chupa tele, akapika mara moja, wazimu ukaisha. "Baba," alisema huku akiishusha ndoo katikati ya sebule, "hapa kuna kukoroga, kufinya, kumimina na kugonga. Ni mazoezi matupu."

Mshonaji aliitazama ndoo, akamtazama mkwe, akasema, "Hongera, nyumba yako sasa itakuwa na nafasi."

Sista alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akarudi kuwa muuguzi. "Kupika upike. Kunywa, nusu glasi Jumapili, basi. Itakayobaki tutakusaidia."

Ndivyo Ramani alivyotoka siku moja na fimbo yake, hatua kwa hatua, hadi kwenye duka dogo nyuma ya tanuri la mikate, mtaa wa pili. Lilikuwa duka la hamira, ndoo, vipimajoto, na mikebe ya kimea. Kimea chenyewe si kitu cha ajabu: ni shayiri iliyoloweshwa ikaota, ikakaushwa. Lakini kuitoa sukari yake ni kazi ya siku nzima, yenye sufuria kubwa na subira kubwa zaidi. Kwa hiyo viwanda huifanya kazi hiyo, vikauchemsha mchuzi wake hadi ukawa shira nzito kama asali, vikaitia mkebeni. Mpishi wa nyumbani anafungua, anayeyusha katika maji ya moto, anatia hopsi, yale maua machungu, anapoza, anatia hamira, anafunika. Ramani hakuyajua hayo siku ile. Aliomba "mkebe wa kimea cheupe, wa mtu anayeanza," akapewa na mwanamume mmoja mchangamfu, akarudi.

Alipika akifuata karatasi iliyobandikwa mkebeni. Alikoroga kwa mkono wa kushoto kama alivyoamriwa, jasho likimtoka, mshonaji akishikilia sufuria isije ikaanguka. Mwezi ulipotimia bia ikatoka nyekundu, wekundu wa chai iliyokolea ukiinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Ramani, mgeni wa mambo, akadhani cheupe ndivyo kilivyo.

Alichukua chupa moja akaipeleka juu. Ngazi kumi na nane, peke yake, kwa mara ya kwanza, fimbo mkono wa kulia na chupa mkono wa kushoto. Sista alifungua mlango akiwa ndiyo kwanza anavua viatu. Alikunywa palepale mlangoni, kiatu kimoja mguuni, hakuitua glasi hadi ilipokwisha.

"Hii ni nini?"

"Bia."

"Bia naijua, nina miaka hamsini na saba. Umeitia nini?"

"Sijui," Ramani alisema, na lilikuwa jibu la kweli kupita yote aliyowahi kutoa kuhusu bia.

Chupa zile ziliisha kwa wiki tatu, nyingi zikapanda juu. Ndipo Ramani alipoamua kuifanya kazi hii kama kazi. Akanunua daftari, akaruka ukurasa wa kwanza ili siku moja aje aandike pishi lile vizuri, akaanza na la pili.

Mwenye duka alikuwa mwanamke aliyefundisha kemia sekondari kabla ya kufungua duka, kwa hiyo aliitwa Mwalimu, na hakuwa ameacha kufundisha. Ukiingia kununua hamira ulitoka na somo. Kwake Ramani alijifunza kuchagua. Bia nyepesi ya rangi ya dhahabu inataka kimea cheupe kabisa, na wengine hupenda kile cha unga kuliko cha shira, kwa kuwa hubaki cheupe muda mrefu. Ile yenye ukungu na povu la kusimama, ambayo mkwe aliipenda, inataka kimea cha ngano. Bia nzito nyeusi aliyoipenda mlinzi wa jengo, kwa kuwa alisema ni kahawa iliyopata heshima, inataka kimea cheupe kwanza, kisha punje za shayiri zilizokaangwa, zikaloweshwa katika mfuko wa kitambaa kama majani ya chai.

"Kwa nini nisinunue tu mkebe mweusi?" Ramani aliuliza.

"Mkebe mweusi ni kama mchuzi wa hotelini," Mwalimu alisema. "Mtamu, lakini huwezi kujua mpishi ametia nini. Anza na cheupe. Rangi uitie mwenyewe, kidogokidogo, uone unakokwenda."

Maneno hayo yalimwingia mchora ramani. Na somo kuu lilikuwa hili: tazama tarehe. Kimea cha shira kikikaa huwa cheusi, na ladha yake hugeuka. Ramani alilishika somo hilo kama dini. Alimpima kila mtu nalo. Hata alimchorea Mwalimu tangazo, herufi zimesimama kama askari wa gwaride, likabandikwa juu ya rafu: TAZAMA TAREHE CHINI YA MKEBE. KIMEA KIKONGWE HAKIPIKI BIA NZURI.

Mkono ulipona ukikoroga. Kufikia pishi la ishirini aliweza kushona kifungo, na mshonaji, ambaye hunywa chai tu, alisema bia ile ilikuwa imemfaa kuliko wanywaji wote wa mjini.

Kisha Sista akastaafu. Alishuka jioni moja, akanywa chai, akakizungusha kijiko muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. Binti yake aliyekaa mbali, mbali ya kupanda ndege mbili, alikuwa amejifungua mapacha. Angekwenda kukaa huko. Wiki saba zimebaki.

"Kukaa, wifi?" mshonaji aliuliza. "Au kutembea?"

"Kukaa."

Ramani alitazama mkono wake wa kushoto ulioshika kikombe, vidole vyote vitano vimekaa mahali pake. Akasema, "Tukupe zawadi gani?"

"Sitaki zawadi, mizigo ya ndege inapimwa." Sista alifikiri. "Ila nipikie ile ya kwanza. Ile nyekundu. Umepika nyingi nzuri, kaka, sikatai, lakini ile hujairudia."

"Ile? Ile rahisi!" Ramani alisema.

Sista alipopanda kwake, mshonaji akamtazama mumewe. "Rahisi, baba watoto? Umeiandika wapi?"

Hapo ndipo ukurasa mtupu ulipoanza kuwasha kwelikweli.

Hesabu ya siku haikuwa na huruma. Bia inataka wiki mbili ndooni na wiki mbili chupani ili ipate gesi. Ramani aliazima ndoo ndogo mbili, akapika mapishi matatu kwa mkupuo, lita nne nne. La kwanza kwa kimea cha rangi ya kaharabu, kile cha bia nyekundunyekundu. La pili kwa kimea cheupe na kijiko cha cheusi. La tatu kwa kimea cheupe na punje tamu zilizokaangwa kidogo. Vyote vipya, tarehe zimekaguliwa chini ya mikebe kwa miwani. Alibandika karatasi kila ndoo, akachora hata mstari wa pambo.

Baada ya wiki mbili alimwita Sista aonje kabla hajajaza chupa. Zilikuwa bado hazijapata gesi, lakini Sista alikuwa amekwisha kuzoea kuonja bia kabla haijavaa nguo, kama alivyosema. Glasi tatu zilipangwa mezani. Zote nyekundu. Ramani alisimama nyuma ya kiti kama mtahiniwa.

Sista akaonja ya kwanza. "Nzuri."

"Nzuri au ndiyo?"

"Nzuri." Akaonja ya pili, akakunja pua. "Hii ina kahawa ya mlinzi." Ya tatu aliikalia zaidi, akaonja mara mbili, na Ramani akajikuta amekishika kiti kwa mikono miwili. "Hii ni tamu sana. Safi kabisa. Lakini siyo."

"Ya kwanza ilikuwaje?"

"Kaka, ladha haielezeki, ingeelezeka ningekuwa nimekuambia tangu zamani." Akamwangalia usoni, akalainika. "Acha tu. Nitachukua hii ya tatu. Hii pia nzuri."

Maneno hayo ya upole yalimuuma kuliko tusi. Mwanamke huyu hakuwahi hata siku moja kumwambia "acha tu." Ramani alipokuwa ngazi ya tano analia kwa hasira, hakumwambia acha tu. Sasa yeye ndiye aombwe kitu kimoja, kimoja tu, aambiwe hiki pia kizuri?

Yeye mwenyewe hakuwa na msaada, maana ile ya kwanza aliionja nusu glasi tu. Akamgeukia mkewe. "Wewe unakumbuka nini?"

"Mimi sikunywa."

"Pua yako ilikuwepo."

Mshonaji aliuma uzi, akafikiri. "Ilinuka kama sukari mtu aliyoisahau jikoni. Inakaribia kuungua, lakini bado haijaungua. Hizi za leo zinanuka usafi tu."

Siku zilizobaki ziliruhusu pishi moja, si zaidi. Asubuhi Ramani alikwenda dukani, pua ya mkewe ikiwa ndiyo ramani pekee aliyonayo. Mwalimu alikuwa ndani akipima hopsi. Mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu ambaye huonekana dukani mara chache kwa mwaka, alikuwa mbele akipangusa dirisha la maonyesho na mikebe iliyopangwa pale kwa kupendezesha.

"Mzee wangu!" dereva alipaza sauti. "Fimbo iko wapi? Mara ya mwisho ulikuja na fimbo, nikakuuzia mkebe wangu wa dirishani!"

Mwalimu aliinua kichwa kutoka kwenye mizani. "Mkebe wako wa wapi?"

"Wa dirishani. Siku ile ulipokwenda kung'oa jino. Vyeupe rafuni vilikwisha, na mzee amekuja na fimbo, hatua moja, anapumzika, hatua moja. Nimrudishe mikono mitupu?"

"Ukampa mkebe wa maonyesho?"

"Mke wangu, ulikuwa mkebe, una kimea, umeandikwa cheupe. Mimi naendesha lori. Mengine sijui."

"Ule mkebe uliota jua pale dirishani miaka miwili na nusu!" Mwalimu alimgeukia Ramani, mikono kifuani. "Mzee, nisamehe. Sikujua. Nitakupa mwingine mpya, leo hii, kabla hujatoka."

Ramani hakuwa anasikiliza masamaha. Alikuwa ameegemea kaunta, anaona mambo yakikaa mahali pake kama mipaka ya kiwanja baada ya kupata jiwe la kona. Cheupe kilichoiva taratibu ndani ya mkebe kwa joto la dirisha. Sukari iliyosahaulika. Miaka mitatu alikuwa akijifunza kuwa mpishi bora, na kila alivyokuwa bora ndivyo alivyozidi kwenda mbali na bia ile.

"Mwalimu," alisema, "sitaki mpya. Nataka wa zamani."

"Wa zamani siuzi."

"Basi nipe bure."

"Mzee, tafadhali." Mwalimu alionyesha kidole juu ya rafu. Tangazo lilikuwa pale, herufi zimesimama kama askari. "Hilo ni la nani?"

Dereva alilisoma kwa sauti, neno kwa neno, polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha akaangua kicheko hadi akakaa juu ya gunia la punje. Ramani alisimama, masikio yanamchoma. Kumeza maneno yako ni jambo moja. Kuyameza yakiwa yameandikwa kwa hati nzuri hivyo ni jambo lingine.

"Niliandika nikiwa sijui," alisema. Kisha akaeleza yote: Sista, ngazi, mapacha, wiki tano zilizobaki.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa chafu. Kisha akaenda dirishani mwenyewe. Mikebe mitatu ilikuwa na karatasi zilizopauka. Aliigeuza mmoja mmoja, akaikagua kama daktari: haujavimba, hauna kutu, haujavuja. Akachagua wa nyuma kabisa, uliokuwa umekaa muda mrefu kuliko yote, karibu miaka mitatu. "Ungekuwa umevimba ningeutupa, hata ungelia," alisema. "Na ukiufungua ukinuka vibaya, umwage. Nakuamini."

Nyumbani mshonaji ndiye aliyeufungua, kwa sababu pua ilikuwa yake. Shira ilitoka nzito, nyekundu ya matofali, si ya asali. Aliinamia mkebe, akafumba macho.

"Haya, sema!"

"Subiri, baba watoto, navuta." Akavuta. Akatabasamu, macho bado yamefumbwa. "Ni yuleyule aliyeisahau sukari."

Ramani alipika kwa kufuata karatasi iliyopauka mkebeni, mstari kwa mstari, ujuzi wake wote akiuacha mlangoni kama viatu. Hopsi kama ilivyoandikwa, hamira ya pakiti, maji ya bomba. Alipofika kwenye kukoroga akashika mwiko kwa mkono wa kulia, akasita, akauhamishia wa kushoto. Hakujua kama mkono una ladha. Hakutaka kuacha kitu. Mara ile ya kwanza kila mzunguko ulikuwa vita. Safari hii mwiko ulizunguka wenyewe, na yeye akasimama anautazama mkono wake kama mtu anayetazama mtoto wa jirani aliyekua ghafla. Mshonaji alikuja kushikilia sufuria kwa mazoea, akaona haina haja, akaishikilia hivyohivyo.

Siku nne kabla ya safari, Ramani alipanda ngazi kumi na nane na chupa sita kwenye sinia, mikono miwili, daftari kwapani, mshonaji nyuma yake. Nyumba ya Sista ilikuwa mwangwi. Viti alikuwa amekwisha kuvigawa, glasi zimefungwa kwenye magazeti. Alichana gazeti moja, akatoa glasi, akaipangusa kwa upindo wa gauni.

Ramani akamimina. Povu likapanda, likatulia. Sista akaipeleka kwenye mwanga, akanusa, akanywa akiwa amesimama, maana hapakuwa na pa kukaa. Hakuitua glasi.

Aliweka glasi tupu juu ya sanduku, akaisukuma mbele kwa kidole: ongeza.

"Nzuri au ndiyo?" Ramani aliuliza huku akimimina.

"We Ramani mwongo! Kumbe ulikuwa unaijua, unatunyima miaka yote hii!"

Mshonaji alianza kucheka, akamsimulia: dirisha, lori, jino, tangazo. Sista alisikiliza mdomo wazi, kisha akacheka na yeye, cheko lake lilelile la kushika ukuta. "Kwa hiyo miaka mitatu unajivuna, kumbe uliuziwa mkebe uliochoka!"

"Haukuchoka," Ramani alisema. "Ulipewa muda."

Alikuwa ametayarisha hotuba. Alikuwa ameiandika hata, kwa hati nzuri, iko mfukoni: miezi minane, jioni ngapi, ngazi ngapi kwa hesabu. Akaanza, "Sista, mimi hapa nilipo..." akapapasa karatasi mfukoni. Akajaribu tena. Akaipapasa tena. Sista alimwacha ahangaike kidogo, kama alivyokuwa akimwacha ngazini, aone kama atafika mwenyewe. Alipoona hafiki, akampokea.

"Asante ya punda ni mateke," alisema akiinua glasi. "Yako inashuka vizuri kooni. Nimeipokea, kaka. Imefika."

Ramani akafungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza. Juu alikuwa amekwisha kujaza: kimea cheupe, mkebe mmoja, miaka karibu mitatu dirishani, kukoroga, mkono wa kushoto. Mstari wa chini ulikuwa wazi. Safari hii alimpa Sista kalamu, aandike mwenyewe. Sista akaandika kwa hati ile mbaya ya vyeti vya hospitali, ambayo Ramani aliwahi kuicheka na sasa aliitazama kama mchoro wa thamani: Ndiyo. Panda tena.

Sista alisafiri. Kati ya nguo za mapacha alipakia mkebe mmoja wa kimea cheupe, mpya kabisa, akisema mizigo ipimwe wanavyotaka. Mwezi wa pili ikaja picha kwenye simu ya mshonaji: watoto wawili wamelazwa kwenye blanketi, na nyuma yao, juu ya kizingiti cha dirisha, mkebe. Chini yake maneno: "Jua la huku la kuazima. Itachukua miaka minne. Nasubiri."

Dukani tangazo bado lipo. Ramani aliomba ngazi ya Mwalimu, akapanda, akaongeza mstari mmoja wa herufi ndogo chini kabisa: Muulize Ramani. Na dereva, kila akirudi safari, humuuliza kwa sauti ya mtaa mzima kama anataka tena mali mbovu.

Nyumbani nako, dirisha la jikoni lina mkebe. Tarehe imechorwa juu yake kwa wino mweusi. Kila Jumamosi mshonaji hupangusa vumbi, na akifika pale husimama.

"Huu nao niupanguse?"

"Upanguse," Ramani hujibu kutoka sebuleni. "Ila usiusogeze."